Mashine Inayojua Ilipo: Mwongozo wa Fildi kwa Mwanafunzi wa Uhandisi Kutoka Kwedizinga

Barua nyingi za kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo huandikwa na mtu ambaye bado hajajua anaomba nini. Zinafanana kama sare za shule: jina la chuo, mwaka wa masomo, ombi la "nafasi ya fildi katika kampuni yako", sahihi na namba ya simu. Mhandisi anayeipokea barua ya namna hiyo hana cha kushika. Hajui mwombaji ampeleke karakana, ofisi ya michoro au stoo, na asipojua, mara nyingi stoo ndiyo inayoshinda.

Mwanafunzi wa uhandisi aliyekulia Kwedizinga, ambaye moyo wake uko kwenye roboti na magari yanayojiendesha, ana mzigo wa ziada. Kutoka Korogwe hadi Handeni hakuna kiwanda cha roboti. Kwenye lami inayounganisha miji hiyo miwili hupita mabasi, malori ya mazao na bodaboda zenye abiria wawili na gunia. Gari lisilo na dereva halijapita. Hata Dar es Salaam, milango yenye neno "roboti" juu yake ni ya kuhesabu kwa vidole. Akikaa kusubiri mlango huo ufunguke, muda wake utaishia kwenye kurekebisha printa za ofisi ya mtu. Na muda wenyewe ni mfupi. Katika Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipindi kimoja cha mafunzo kwa vitendo, PT, ni wiki 8. Bodi ya Mikopo nayo imekuwa ikikokotoa fedha za mafunzo kwa vitendo kwa kikomo cha siku 56, yaani wiki hizo hizo 8.

Njia ipo, ila inaanza kwa kubadili swali. Mwanafunzi aache kuuliza "nani anatengeneza roboti?" aulize "ni wapi kuna mashine ambayo lazima ijue ilipo?" Swali la kwanza linamrudisha nyumbani mikono mitupu. La pili linafungua migodi, reli, mabomba, mashamba ya mkonge na anga la Ziwa Viktoria, na kwa bahati njema, mojawapo ya majibu yake linapita ardhini humo humo Handeni.

Urambazaji wa mashine ni mambo matatu: niko wapi, ninakwenda wapi, na kuna nini mbele yangu. La kwanza ndilo gumu. Dereva wa bodaboda anayetoka Korogwe kurudi Kwedizinga jioni, jua limeshazama, analitatua bila kufikiri. Mwili wake unahesabu: nimeshatembea kiasi fulani, nimekata kona ngapi. Hesabu hiyo inapotea kidogo kidogo, maana hakuna anayekumbuka kila mita. Kisha taa yake inaangaza daraja analolijua, au mti uliokaa peke yake, na papo hapo hesabu inajisahihisha. Anahesabu, anapotea kidogo, anaona alama, anajirekebisha.

Wahandisi wana hesabu kamili ya kitendo hicho. Mwaka 1960 Rudolf Kálmán, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alichapisha kanuni ya kuunganisha makadirio ya mashine na vipimo vyenye makosa, kila kimoja kikipewa uzito kulingana na kinavyoaminika. Safari za Apollo kwenda mwezini ziliitumia. Leo kichujio cha Kalman kimo ndani ya droni, simu za mkononi na magari yanayojiendesha. Anayetaka kuona kwa nini kinahitajika achukue baiskeli ya kawaida ya kijijini. Gurudumu lake likizunguka mara moja husogea mita 2 na kidogo. Akikosea kipimo cha mzingo kwa asilimia 1 tu, pengine kwa sababu upepo wa tairi umepungua, baada ya kilomita 1 atakuwa amekosea mita 10. Baada ya kilomita 20 amekosea mita 200, na hiyo inatosha kumpitisha nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Mwanafunzi aliyeelewa aya hizo mbili sasa anaweza kutazama Afrika Mashariki kwa jicho jingine.

Mfano mkubwa wa magari yanayojiendesha katika ukanda huu uko chini ya ardhi, mashariki mwa Kongo. Ni mgodi wa dhahabu wa Kibali, katika jimbo la Haut-Uélé. Humo mitambo mikubwa ya kuzoa na kubeba mawe, yenye uwezo wa tani 21 kila mmoja, hutembea bila dereva katika handaki lenye upana wa mita 6 na kimo cha mita 6. Mitambo mitano inaweza kufanya kazi kwa pamoja, usiku na mchana, huku mwendeshaji mmoja akiwa ameketi juu ya ardhi mbele ya skrini. Mfumo unaoiongoza ni wa kampuni ya Sandvik. Shimo la kupandishia mawe lina kina cha zaidi ya mita 700, na setilaiti za GPS hazifiki huko. Mtambo unajuaje ulipo?

Unafundishwa njia. Kwanza huendeshwa na mtu, huku leza zake zikichora umbo la kuta za handaki na vihisi vyake vikihesabu mizunguko ya magurudumu na pembe ya kiungo cha katikati, pale mtambo unapojikunja kukata kona. Ukishaachiwa peke yake, unahesabu mwendo wake kisha unaulinganisha na umbo la kuta linaloonekana mbele ya leza. Ni bodaboda yule yule wa jioni, ila mti wake ni mwamba na kumbukumbu yake ni faili.

Kwa Mtanzania, jambo la kushika hapa ni umiliki. Barrick na AngloGold Ashanti kila moja ina asilimia 45 ya Kibali, na asilimia 10 ni ya SOKIMO, kampuni ya serikali ya Kongo. Kampuni hizo mbili ziko Tanzania pia: AngloGold Ashanti inamiliki mgodi wa Geita, na Barrick, kwa ubia na serikali kupitia Twiga Minerals, inaendesha North Mara na Bulyanhulu. Kwa hiyo anayeomba fildi katika migodi hiyo anaingia kwenye nyumba ambazo zina ujuzi wa mitambo isiyo na dereva, hata kama kitengo atakachopangiwa hakina mtambo mmoja wa aina hiyo. Barua yake iombe kitengo kwa jina: upimaji wa migodi, usimamizi wa magari ya mgodini kwa kompyuta, umeme na vidhibiti, au mitambo inayoongozwa kwa rimoti. Aliyeomba "uhandisi kwa ujumla" ajue kuwa gereji ya kubadilisha oili inahitaji mikono kila siku.

Sasa turudi nyumbani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na sehemu kubwa, kilomita 1,147, iko Tanzania. Mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, unapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika baharini. Wengi wa vijijini wanalifahamu kwa habari za fidia na vibarua. Mwanafunzi wa roboti alitazame kwa jambo lingine: bomba refu la mafuta hukaguliwa kwa ndani na mashine inayosafiri yenyewe.

Mafundi wa mabomba huiita pigi. Huingizwa upande mmoja, husukumwa na mafuta yenyewe, na hutolewa upande mwingine makumi au mamia ya kilomita baadaye. Ndani yake zimo sumaku na vihisi vya kutambua chuma kilicholika au kupasuka. Kuona ufa peke yake hakusaidii. Lazima pigi iseme ufa uko wapi, la sivyo mafundi watachimba shamba la mtu bure. Humo bombani hakuna GPS. Pigi ina magurudumu madogo yanayogusa ukuta na kuhesabu mwendo, ina jairoskopu na vihisi vya mchapuko vinavyonusa kila kona, na juu ya ardhi huwekwa vifaa vya alama katika sehemu zinazojulikana ili inapopita chini yake hesabu isahihishwe. Magurudumu yakiteleza kwenye nta, hesabu hupotoka, na mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Ndiyo sababu bomba hilo limebuniwa lipashwe joto njia nzima. Hapo pana maswali ya tasnifu ya mwaka wa mwisho kwa mtu ambaye shamba la mjomba wake liko hatua chache kutoka kwenye mkuza.

Nani wa kuandikiwa? EACOP, kampuni ya bomba hilo, ina wanahisa wanne: TotalEnergies yenye asilimia 62, UNOC ya Uganda na TPDC ya Tanzania zenye 15 kila moja, na CNOOC yenye 8. TPDC ni shirika la umma linalojua utaratibu wa vyuo vya nchini, na ni mlango wa busara kwa Mtanzania kuanzia. Wakandarasi wadogo wa upimaji na wa mazingira wasisahaulike. Wana watu wachache, na mwanafunzi anayejua kusoma data ya GPS anaonekana siku ya pili tu.

Reli nayo ni mwalimu. Treni za umeme zilizoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 zinafika kilomita 160 kwa saa na zinalindwa na mfumo wa ishara unaoitwa ETCS wa ngazi ya 2. Katikati ya reli mbili kuna vibao vya manjano vilivyolala kimya, kila kimoja kikiwa na kitambulisho chake. Treni inapopita juu yake inasoma: niko kilomita fulani. Kati ya kibao na kibao inahesabu magurudumu, na kompyuta inakokotoa ni umbali gani unaofaa kuanza kufunga breki. Dereva yupo, lakini akizidisha mwendo mfumo humzuia. Mwanafunzi anayeomba Shirika la Reli, TRC, au mkandarasi wa mifumo ya ishara, aandike wazi kuwa anataka kitengo cha ishara na mawasiliano. Atarudi chuoni akijua usalama wa mashine unavyothibitishwa kwa karatasi na majaribio, jambo ambalo video za roboti mtandaoni huwa haziligusi.

Angani mambo yamekwenda kasi zaidi, na hapa wanafunzi wa Afrika Mashariki wameshafanya kazi ya kweli. Mwaka 2016 mradi wa kupiga ramani ya Zanzibar uliwatumia vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kurusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba. Ndege hizo hufuata zenyewe njia iliyopangwa kwenye kompyuta. Kazi ya mwanafunzi ni kupanga njia, kusoma upepo, kuweka alama za ardhini na kuunganisha maelfu ya picha kuwa ramani moja. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakapita mitaa ya mafuriko wakichora mifereji na nyumba. Na mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter, pamoja na GIZ, shirika la maendeleo la Ujerumani, zilitangaza matokeo ya majaribio ya kupeleka dawa kwa droni kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe: kilomita 60 juu ya maji kwa wastani wa dakika 40. Rwanda ndiyo iliyotangulia kufanya hivyo kila siku, kwa kituo cha Zipline cha Muhanga kilichoanza 2016, na Kenya ina kituo cha kampuni hiyo hiyo Chemelil, karibu na Kisumu.

Tahadhari moja kabla msomaji hajanunua droni: nchini Tanzania chombo hicho kinahitaji usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kurusha bila kibali, hata juu ya shamba la familia, kunaweza kumtia mwanafunzi matatani kabla hajapata hata cheti cha mwaka wa pili.

Kwa mtoto wa Handeni na Korogwe, mkonge unastahili neno lake. Mmea huo uliingizwa Tanga mwaka 1893, na hadi leo mashamba yake yana kitu ambacho roboti hukipenda: mistari mirefu iliyonyooka. Kuhesabu miche kwa picha za juu, kutafuta mapengo, kuongoza trekta lisipande juu ya mstari, yote ni urambazaji. Kituo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, ndicho kinachoshughulikia utafiti wa zao hilo, na Bodi ya Mkonge iko Tanga mjini. Anayetaka kujenga mashine kwa mikono yake aombe Arusha, TEMDO au CAMARTEC, taasisi za umma za usanifu wa mitambo na zana za kilimo. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kushika kidhibiti chochote asione haya kuomba kituo cha umeme cha Hale, pale pale wilayani Korogwe. Mtambo wa maji unaojirekebisha mwendo mzigo unapobadilika unafundisha nadharia ya udhibiti vizuri kuliko ubao.

Sasa kazi ya kufanya kabla ya barua. Hapa ndipo wengi wanapopoteza mwaka, na ndipo mwanafunzi wa kijijini anapoweza kumpita wa mjini, kwa sababu vifaa vinavyotakiwa ni simu na kompyuta mpakato, tena ya kawaida.

Jaribio la kwanza ni la simu. Kuna programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayorekodi vihisi vingi vilivyomo ndani ya simu: GPS, mchapuko, mzunguko, sumaku. Mwanafunzi apande basi Korogwe akiwa ameiwasha, simu ikiwa imetulia mahali pamoja, asiitoe hadi Handeni. Atashuka na faili lenye maelfu ya mistari. GPS ya simu mahali peupe hukosea kama mita 5, na atauona mchoro wake ukiyumba pembeni mwa barabara kana kwamba basi lilipita shambani. Vihisi vya mchapuko vitaonyesha kila tuta, kila breki, kila kituo. Akijaribu kupata umbali kwa mchapuko peke yake, ataona basi lake limefika baharini, kwa sababu kosa dogo la kihisi hukua kadiri muda unavyokwenda. Kisha aunganishe viwili hivyo kwa kichujio cha Kalman alichokiandika mwenyewe, achore mistari mitatu kwenye ramani moja. Mchoro huo mmoja una nguvu kuliko alama A ya somo, maana mhandisi akiuona anajua mwombaji ameshakutana na data chafu.

Jaribio la pili ni la droni isiyokuwepo. ArduPilot ni programu huria inayoongoza droni, magari na boti halisi duniani kote, na ina mfumo wa kuigiza unaofanya kazi ndani ya kompyuta bila chombo chochote. Mwanafunzi huchagua mahali pa kurukia kwa kuandika latitudo na longitudo. Kwedizinga iko kusini mwa ikweta kwa digrii 5 na kidogo, na mashariki kwa digrii 38 na kidogo. Latitudo ya kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Akiisahau, droni yake itapaa kusini mwa Ethiopia, na hilo ni kosa ambalo ni heri alifanye mezani kuliko kwenye chombo cha mtu. Apange njia ya kuzunguka kijiji, aongeze upepo, azime GPS katikati ya safari aone chombo kinavyopotea, kisha aandike kurasa mbili za alichokiona. Akitaka gari badala ya droni, atumie ROS, mkusanyiko wa programu huria za roboti ulioanza 2007, pamoja na kiigizaji cha Gazebo.

Intaneti ya kijijini inakatika na vifurushi ni ghali, hilo linafahamika. Dawa yake ni kupakua kila kitu ukiwa chuoni, pamoja na maelezo ya matumizi, kabla ya likizo. Kazi nyingi ya kuigiza haihitaji mtandao.

Barua sasa itajiandika. Iwe ukurasa mmoja. Itaje tarehe ya kuanza na kumaliza, kitengo kinachoombwa, mambo mawili ambayo mwanafunzi ameshayafanya, na swali moja ambalo angependa kulifanyia kazi akiwa pale. Mfano: mwanafunzi anaomba kitengo cha ishara cha reli, ameambatanisha mchoro wa basi la Korogwe, na anataka kujua hesabu ya magurudumu hupotoka kiasi gani reli ikiwa na unyevu. Mhandisi anayesoma hivyo anajua amweke wapi. Barua ya utambulisho ya chuo iambatane nayo, na itumwe miezi minne au mitano kabla. Baada ya wiki tatu bila jibu, simu moja ya heshima kwa ofisi ya rasilimali watu si usumbufu. Anayepiga asiombe "kusaidiwa". Aulize kama barua yake ya tarehe fulani imefika kitengo fulani.

Na yeyote anayedai pesa ili atoe nafasi ya fildi aachwe. Chuo hakimtumi mwanafunzi kununua nafasi.

Wanafunzi wengi huchagua fildi kwa kuangalia ni wapi kuna shangazi au kaka wa kufikia. Si jambo la kuonea aibu. Kwa hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, kiwango ambacho miongozo ya Bodi ya Mikopo imekuwa ikikitaja, chumba, chakula na nauli mjini vinabana mno. Ila ndugu apangwe baada ya kazi: kwanza orodha ya sehemu tano zenye mashine inayofaa, kisha kutazama ni ipi kati ya hizo ina ndugu karibu. Ukianza na ndugu, utajikuta unatafuta roboti mtaani kwa shangazi. Kwa migodi, mwanafunzi aulize mapema kuhusu upimaji wa afya, bima, viatu na kofia, na kama kuna malazi ya kambini. Msichana anayepangiwa kambi ya mbali ana haki kamili ya kuuliza mpango wa malazi na usafiri kabla ya kukubali, na kampuni makini humjibu bila kuudhika.

Kuna njia nyingine ambayo haihitaji nauli kabisa. Tangu 2005 kampuni ya Google imekuwa ikifadhili mpango uitwao Google Summer of Code, ambapo mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi hufanya kazi kwa mbali kwenye mradi wa programu huria, akiongozwa na mtaalamu wa mradi huo, na hulipwa. ArduPilot na Open Robotics, wasimamizi wa ROS na Gazebo, wamewahi kupokea washiriki kupitia mpango huo. Orodha ya miradi hutangazwa mwanzoni mwa mwaka, na maombi hufungwa takriban Aprili. Siri yake haifichwi: huchaguliwa zaidi wale ambao miezi kadhaa kabla walishaanza kurekebisha makosa madogo kwenye mradi na kujibizana na wenyeji wake. Kijana anayeanza Novemba, kwa kusahihisha hata aya moja ya maelezo yenye kosa, anafika Machi akiwa anajulikana kwa jina.

Kwa wanaotaka kuvuka mpaka, milango mitatu inastahili kubishwa. Chuo Kikuu cha KAUST, kilichoko Thuwal karibu na Jeddah, Saudi Arabia, hupokea wanafunzi wageni wa utafiti kwa miezi mitatu hadi sita na hugharamia nauli, malazi na posho. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambacho taasisi yake ya roboti ilianzishwa 1979, kina mpango wa majira ya joto wa wiki 11 kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, wakiwemo wa mataifa mengine. Chuo hicho hicho kina kampasi Kigali inayotoa shahada za uzamili, na mhitimu wa Tanzania anaweza kufika huko kwa basi. Wa tatu ni IAESTE, mtandao wa kubadilishana wanafunzi wa uhandisi ulioanzishwa 1948, ambao huulizwa kupitia ofisi ya mafunzo kwa vitendo ya chuo. Yote hii inahitaji pasipoti, na pasipoti haitafutwi wiki ambayo visa inahitajika. Inahitaji pia mhadhiri wa kuandika barua ya kumdhamini mwanafunzi, na mhadhiri huandika vizuri juu ya mtu aliyewahi kumwonyesha kazi. Ule mchoro wa basi urudi tena hapo.

Fildi ikishapatikana, wiki ya kwanza ni ya kufagia macho: nani anajua nini, mashine gani inaheshimiwa, fundi gani hupigiwa simu usiku. Mara nyingi fundi huyo hana shahada, na ndiye mwalimu wa kweli. Mwanafunzi amwamkie, amshikie tochi, amuulize mashine hudanganya lini. Neno hilo, kudanganya, mafundi hulielewa: kihisi kinachosema mlango umefungwa na mlango u wazi, kipimo kinachoruka mvua ikinyesha. Orodha ya namna mashine inavyodanganya ndiyo mtaala wa urambazaji ambao hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtu ukiwa kamili.

Daftari la kila siku lijazwe siku hiyo hiyo, kwa vipimo. "Nilisaidia kwenye matengenezo" haina faida kwa yeyote. "Kihisi cha mwendo cha gurudumu la kushoto kilisoma pungufu kwa asilimia 3, tulikuta tope kwenye meno, baada ya kusafisha kikasoma sawa" ni sentensi ambayo msimamizi wa chuo ataizungushia kalamu. Daftari hilo lina maisha marefu kuliko mtihani. Mhitimu atakayejiunga na mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ulioanza 2003, atatakiwa kwa miaka 3 kuandika kazi zake kwa namna hiyo hiyo chini ya mhandisi aliyesajiliwa, na aliyezoea tangu chuoni hapati tabu.

Picha na data za kampuni zisitoke bila ruhusa ya maandishi. Ruhusa hiyo iombwe wiki ya sita, wakati bado kuna mtu wa kuisaini, na iombwe kwa kitu kidogo kinachotajwa: saa mbili za kumbukumbu za kihisi kimoja, majina ya mahali yakiwa yamefutwa, kwa ajili ya mradi wa mwaka wa nne. Wasimamizi wengi wanaokataa ombi la "data zenu" hukubali ombi la saa mbili. Siku ya mwisho, mwanafunzi awe na bahasha tatu mkononi: ripoti yake kwa mhandisi, nakala fupi kwa fundi aliyemfundisha, na fomu ya tathmini iliyokwisha kugongwa muhuri, maana nauli ya kurudi kutoka Handeni hadi Geita kufuata muhuri mmoja inamaliza posho ya siku kadhaa.